Sindano ya Mgongo Husingiziwa Mauti

Ziko sindano ambazo binadamu amekwisha kuzizoea. Mtoto huchomwa za kumkinga na pepopunda na surua akiwa bado ananyonya. Mama mjamzito huchomwa zake. Mwenye kisukari hujidunga mwenyewe kila kukicha. Lakini iko sindano moja ambayo, ikitajwa tu katika wodi za hospitali za Uganda, jamaa wa mgonjwa hutazamana, na mmoja wao huinuka kwenda kutafuta gari la kumrudisha mgonjwa nyumbani. Ni ile inayopitishwa baina ya mifupa ya chini ya mgongo ili kutoa maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Huvumishwa kwamba mtu akitolewa maji hayo, hamalizi juma. Uvumi huu umewatia watu wengi kaburini, wala haukupata kushitakiwa. Mshitakiwa siku zote ni sindano.

Ili haki itendeke, yafaa kwanza kumjua mwuaji mwenyewe. Mwuaji huyo ni kuvu. Jina hili huwashangaza wengi, kwa sababu kuvu waijuayo ni ile inayoota juu ya mkate uliolala, au baina ya vidole vya mtu anayevaa viatu vya mpira kutwa. Hiyo huwasha na kukera, lakini haimlazi mtu hospitali. Kuvu inayozungumzwa hapa, ambayo wataalamu huiita kriptokokasi, ni ya ukoo huo huo, lakini tabia yake ni nyingine. Huishi katika udongo, hasa ule uliochanganyika na mavi ya njiwa na ya ndege wengine. Na iko ndugu yake ipendayo miti, mmojawapo ukiwa mkaratusi. Chembe zake ni ndogo hata hazionekani kwa macho. Upepo huzipeperusha pamoja na vumbi, na watu huzivuta kwa pumzi bila kujua. Mgonjwa hamwambukizi mwenziwe. Kula naye sahani moja, kulala naye chumba kimoja, kumwogesha na kumlisha, hakuna hatari ya kuvu hii katika hayo yote.

Basi, ikiwa watu wengi huivuta, mbona walio wengi hawaugui? Jibu ni kwamba mwili una walinzi wake. Chembe nyeupe za damu huizingira kuvu ndani ya mapafu, zikaiua, au zikaifungia mahali pamoja, nayo ikakaa kimya miaka mingi kama mfungwa. Mfungwa huyo hutoroka siku walinzi wanapopungua. Na virusi vya UKIMWI kazi yao ndiyo hiyo, kuwaua walinzi, hasa wale waitwao chembe za CD4. Mtu mzima mwenye afya huwa na zaidi ya chembe 500 za namna hiyo katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 100, lango la gereza huwa wazi: kuvu huingia katika damu, na kwa njia hiyo hupanda hata ubongoni.

Kwa hakika, kuvu ndizo zilizopiga mbiu ya janga la UKIMWI kabla virusi vyenyewe havijajulikana. Tarehe 5 Juni, 1981, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitangaza habari za vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na homa ya mapafu isiyo ya kawaida. Kijidudu cha homa hiyo wakati ule kilidhaniwa kuwa cha jamii nyingine; baadaye kilithibitishwa kuwa ni kuvu. Huku Afrika, mwaka 1982, madaktari wa Kinshasa waliandika juu ya wagonjwa 15 wa kriptokokasi, ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa nadra. Hawakuwa na namna ya kujua ni nani aliyefungua lango. Virusi vilitambuliwa mwaka 1983, mjini Paris.

Tangu hapo, kuvu na virusi vimekuwa vikifuatana kama mwizi na mvunja mlango. Kwa mwaka 2006, wataalamu walikadiria kwamba duniani waliugua kriptokokasi ya ubongo watu wapatao 1,000,000, na zaidi ya 600,000 miongoni mwao wakafa, wengi wao wakiwa wa nchi za kusini mwa Sahara. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoenea, makadirio yalishuka. Kwa mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa 152,000 na vifo 112,000. Kushuka huko ni neema kubwa. Hata hivyo, katika kila watu watano waliokufa kwa UKIMWI mwaka huo, karibu mmoja alichukuliwa na kuvu hii, naye alikufa katika zama ambazo dawa zipo na vipimo vipo.

Sasa yafaa kueleza jinsi inavyoua, maana hapo ndipo kesi ya sindano inapoamuliwa. Ubongo umezungukwa na maji maangavu kama ya chemchemi. Maji hayo hutengenezwa usiku na mchana, na usiku na mchana hufyonzwa yakarudi katika damu, kwa hiyo kipimo chake hakizidi wala hakipungui. Kriptokokasi huvaa koti zito lenye utelezi kama mlenda. Zinapozaana, kuvu na makoti yao huziba vijitundu ambavyo maji hupitia. Maji mapya yaja, ya zamani hayatoki. Tumbo likijaa hutanuka. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ubongo basi hukandamizwa ndani ya nyumba yake wenyewe.

Ndiyo maana dalili ya kwanza ni kichwa. Si kichwa cha jua wala cha mawazo, bali kichwa kisichosikia dawa, kinachozidi siku hata siku kwa muda wa juma moja, mawili, pengine matatu. Hufuata homa na kutapika, shingo hukakamaa, macho huona vitu viwili viwili, au huingia giza, masikio huziba. Mwisho mgonjwa huanza kusema asiyoyajua, akasinzia, asiamke. Asiyetibiwa hufa, hakuna aponaye mwenyewe.

Sindano ya mgongo ina kazi mbili katika msiba huu. Ya kwanza ni kumtambua mwuaji. Kipimo cha miaka mingi ni cha wino: tone la maji ya mgongo huchanganywa na tone la wino mweusi, likatazamwa kwa hadubini, na kwa kuwa wino hauwezi kulipenya lile koti, kila kuvu huonekana kama mwezi katika usiku wa giza. Kazi ya pili, ambayo jamaa wengi hawakupata kuelezwa, ni kumpunguzia mgonjwa ule msukumo. Njia ya maji imezibwa, basi daktari huyatolea maji njia nyingine. Wako wagonjwa walioingizwa chumbani wakipiga kelele kwa kichwa, wakatoka wakiomba uji.

Wala sindano hiyo haiuchomi uti wenyewe, kama wengi wanavyoogopa. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia juu zaidi ya mahali inapoingia. Chini ya hapo upo mfuko wa maji wenye nyuzi za mishipa ya fahamu, nazo husogea sindano inapopita. Maumivu yapo, hayakanushwi, na baadhi ya watu huumwa mgongo au kichwa kwa siku chache. Daktari naye humchunguza mgonjwa kwanza, maana ziko hali chache zinazomlazimu kungoja.

Hebu msomaji aingie katika nyumba moja, ambayo ni mfano wa nyumba nyingi. Mume ni seremala pembezoni mwa Kampala. Kichwa kinamwuma. Mkewe ananunua vidonge vya kutuliza maumivu, havisaidii. Juma la pili zinanunuliwa dawa za malaria, na mtu wa duka la dawa anaongeza za taifodi, kwa kuwa kila homa sharti ipewe jina. Juma la tatu wanaitwa watu wa kumwombea, na fedha za karo ya shule zinaanza kuguswa. Anapofikishwa hospitali, hamtambui mwanawe wa kwanza. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, amekaa kando ya kitanda na kanga yake begani.

"Mama," asema mwuguzi, "ndugu yako anatakiwa kutolewa maji ya mgongo leo hii."

"Mwanangu," ajibu yule dada, "jirani yetu alitolewa maji hayo Jumatatu, Jumatano tukamzika. Wataka nimzike na huyu?"

"Pole sana, mama. Jirani huyo alipoletwa hapa, alikuwa katika hali gani?"

"Alikuwa hasemi tena."

"Alikuwa hasemi kabla ya sindano, au baada yake?"

Yule dada anyamaza. Katika kimya hicho umo ukweli wote wa shauri hili. Jirani aliletwa akiwa hasemi. Juma la kwanza, la pili na la tatu yamesahauliwa. Kilichobaki katika macho ya watu ni lile tendo la mwisho, sindano ndefu na mgonjwa aliyekunjwa kama mtoto tumboni mwa mamaye. Mtu hukumbuka alichokiona mwisho, akakifanya kuwa ndicho chanzo.

Iko siri nyingine katika nyumba hiyo. Mke anajua kwamba mumewe alikuwa akimeza dawa za UKIMWI, na kwamba aliziacha miezi mitano iliyopita, alipohamia kazi ya mbali akaona haya kuonekana na kichupa chake mbele ya wenzake. Ukoo haujui. Mke amfuata mwuguzi mlangoni na kumwambia kwa sauti ya chini. Maneno hayo machache humwezesha daktari kuacha kukisia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mke huyu amekataa kungoja kilio. Baada ya hapo, nyumba nyingine husema ndiyo. Nyingine humbeba mgonjwa wao zikaondoka naye, na kesho yake hadithi huzidi kukua kijijini: kwamba hata kutajiwa sindano kunaua.

Kwa wale wanaotaka ushahidi wa hesabu, upo, na umepatikana Uganda yenyewe pamoja na Afrika Kusini. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za wagonjwa 248 wa kriptokokasi ya ubongo. Wote walikwisha kutolewa maji ya uchunguzi. Miongoni mwao 173 hawakutolewa tena. Katika siku za mwanzo za matibabu wakafa 31, yaani 18 katika kila 100. Wengine 75 walitolewa tena, angalau mara moja, ili kupunguza msukumo; wakafa 5, yaani 7 katika kila 100. Kama sindano ingalikuwa ndiyo mwuaji, waliochomwa zaidi wangalikufa zaidi. Mambo yalikuwa kinyume.

Tabia ya kumlaumu asiyehusika si ya nchi moja, wala si ya janga moja. Wimbi kubwa la korona lilipoipiga Bara Hindi kati ya Aprili na Juni, 2021, ilizuka kuvu nyingine, ya jamii ya myuko, ambayo watu waliiita kuvu nyeusi. Ilianzia puani, ikala mifupa ya uso, ikaingia machoni. Madaktari walilazimika kuwatoa watu jicho ili kuokoa uhai. Julai ya mwaka huo, serikali ililiambia Bunge kwamba wameugua watu 45,374 na kufa zaidi ya 4,300. Wengi walizilaumu barakoa chafu na maji ya mitungi ya oksijeni. Lakini katika hesabu ya wagonjwa 40,845 iliyotolewa mwishoni mwa Juni, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu walikuwa wametumia dawa za steroidi. Dawa hizo huwaokoa wagonjwa mahututi wa korona, lakini hupandisha sukari na kuwalaza usingizi walinzi wa mwili. Anayezimeza bila kuzihitaji huilegezea kuvu lango. Hali ilikuwa ile ile ya UKIMWI: kuvu ilikuwapo udongoni tangu zamani, ila mwili ulikuwa umevuliwa silaha.

Kuvu hizo mbili hutibiwa kwa dawa moja kuu, amfoterisini, iliyopatikana katika miaka ya 1950 kutokana na kijidudu cha udongo wa Venezuela. Kwa muda mrefu mgonjwa wa kriptokokasi alilazimika kuitiwa mshipani kila siku kwa juma moja au mawili, nayo humtetemesha kwa baridi na kuziumiza figo. Machi, 2022, yalichapishwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini. Wagonjwa 407 walipewa namna mpya ya amfoterisini, dozi moja kubwa kwa siku moja tu, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa majuma mawili. Wengine 407 walifuata njia ya siku saba. Baada ya majuma 10 walikuwa wamekufa 101 katika kundi la kwanza, na 117 katika la pili. Mwezi uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza njia hiyo mpya.

Hayo ni maendeleo ya kushangiliwa. Lakini hesabu hizo zasema neno jingine pia: hata penye dawa bora, wauguzi hodari na sindano za kutosha, mmoja katika kila wanne alikufa. Dawa haiwezi kuyarudisha majuma matatu yaliyopotea nyumbani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa gharama ambayo nyumba nyingi hazina.

Ufa huzibwa mapema, kabla ya kichwa kuanza kuuma. Makombo ya lile koti la kuvu huonekana katika damu majuma kadhaa kabla ubongo haujavamiwa. Kipo kipimo cha kijikaratasi kinachohitaji tone tu la damu, na jibu lake hupatikana kwa muda wa dakika kumi. Kinawafaa hasa watu ambao chembe zao za CD4 zimeshuka chini ya 200: waliogunduliwa wakiwa wamechelewa, na walioacha dawa kisha wakarudi. Akionekana kuwa na kuvu katika damu na ubongo wake u salama, hupewa vidonge vya flukonazoli vya kumkinga. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya Dar es Salaam na Lusaka: wagonjwa waliopimwa hivyo, tena wakatembelewa nyumbani majuma ya mwanzo na watu wa kawaida waliofundishwa kuwatia moyo, walikufa 13 katika kila 100 kwa mwaka mmoja, waliohudumiwa kwa njia ya kawaida walikufa 18. Kubisha hodi kwa mtu mwenye huruma kulikuwa sehemu ya tiba.

Kwa hiyo wajibu wa nyumba waeleweka. Mwenye virusi vya UKIMWI akiumwa kichwa kwa siku kadhaa mfululizo, asipelekwe duka la dawa. Apelekwe hospitali, na hali yake isemwe wazi kwa daktari, hata kama ni kwa sauti ya chini mlangoni. Aliyeacha dawa asizimeze kwa siri akiwa kitandani hospitalini, akidhani anajiponya. Katika majaribio mengine ya Uganda na Afrika Kusini, yaliyotangazwa mwaka 2014, wagonjwa wa kuvu ya ubongo walioanza dawa za UKIMWI mapema mno walikufa 45 katika kila 100 kwa miezi sita. Waliongoja kama majuma matano, huku kuvu ikitibiwa kwanza, walikufa 30. Siku ya kuanza huchaguliwa na daktari. Na aonaye haya kubeba kichupa chake kazini asiachwe peke yake na haya hiyo. Mke, ndugu au rafiki amtafutie chombo kingine cha kukiwekea vidonge, amkumbushe saa, amsindikize kliniki. Msaada huo mdogo hutangulia mbali sana ile siku ya wodini.

Wale waliokwisha kuponea sindano hiyo wana wajibu wao pia. Waliozikwa husemewa na uvumi kila siku, lakini waliopona hurudi kazini wakakaa kimya, kwa kuwa kusema wamepona nini ni kusema pia wana nini. Anayeweza na aseme, hata kwa mtu mmoja tu. Na jamaa watakapoambiwa na daktari kwamba maji ya mgongo yanatakiwa kutolewa, wasiulize ni nani aliyekufa Jumatano. Waulize itafanywa saa ngapi, na kama kichwa kikirudi, itarudiwa lini.